BMI yangu 26, ya mume wangu 17, na wote tunajisikia wazima: hizi namba zinatuhusu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nkuhungu hapa Dodoma, nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo dokta. Kazini kwetu Mtumba walikuja watu wa afya kutupima bure, nikamwita na mume wangu. Mimi nina miaka 34, urefu sentimita 158, kilo 66, wakasema BMI 26.4 uzito umezidi. Mume wangu ni Mbarabaig wa Hanang, urefu 186, kilo 61, yeye akaandikiwa 17.6 upungufu wa uzito, akaambiwa ale. Na huyu mtu anakula ugali wa watu wawili na toka tuoane sijamwona kalala kwa homa. Mwenzangu wa ofisini anasema hizo ni namba za wazungu, Mwafrika hazimhusu nisijisumbue. Ni kweli? Na kama sio zetu, zetu ni zipi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho mimi kama afisa lishe naulizwa karibu kila wiki, ila wewe umeniletea mfano mzuri kuliko wote, mke na mume wa nyumba moja, chungu kimoja, mmoja kapelekwa kulia mwingine kushoto. Mwenzako wa ofisini ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndo inanitia wasiwasi maana ni nusu inayofurahisha, mtu akishaambiwa namba sio yake anaenda zake kula chips mayai kwa amani. Kwahiyo ngoja nikueleze yote, hata kama ni ndefu.

Tuanze na hii hesabu imetoka wapi. BMI ni kilo zako ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yaani kwako 66 gawa kwa 1.58 mara 1.58, inakuja 26.4, hawakukosea. Aliyegundua kwamba uzito wa mtu mzima unapanda kwa namna hiyo na urefu ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa hesabu na nyota, miaka ya 1830. Hakuwa daktari na hakuwa anatafuta mgonjwa, alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje, basi. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 100, mpaka mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipochukua vipimo vya wanaume 7,424 kutoka nchi tano, wakalinganisha fomula mbalimbali, wakasema hii ya Quetelet ndo rahisi na inafaa, wakaipa jina la BMI. Ona hapo, wanaume watupu. Mwanamke hata mmoja hakuwemo. Na walisema inafaa kuangalia kundi kubwa la watu, hawakusema umsimamishe dada wa Nkuhungu mmoja umwambie wewe mzima wewe mgonjwa.

Sasa mistari yenyewe, ile 18.5 (chini yake ni upungufu wa uzito), 25 (kuanzia hapo uzito umezidi) na 30 (kuanzia hapo ni unene), ndo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka miaka ya 90 kwa kuangalia zaidi takwimu za vifo na magonjwa za watu wa Ulaya na Marekani, kwasababu ndo waliokuwa na takwimu za kutosha. Mwili haujui 25. Ukitoka 24.9 ukaingia 25.1 hakuna kinachobadilika ndani, hatari inapanda taratibu kama mlima, binadamu ndo tumechora mstari katikati ya mlima tukasema hapa. Marekani wenyewe mpaka mwaka 1998 walikuwa wanatumia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake, wakashusha ikawa 25 kwa wote, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wazima wakaamka wana uzito uliozidi bila kuongeza hata gramu. Kwa mstari ule wa zamani wewe na 26.4 yako ungepita. Sikwambii hivyo ili ujifariji, nataka tu ujue mstari ni uamuzi wa watu, na uamuzi una sababu zake.

Wa kwanza kuubishia walikuwa Waasia na walikuwa na haki kabisa. Kule waliona watu wana kisukari na presha wakiwa na BMI 23, 24, ambayo kwenye chati ni kijani, yaani uzito wa kawaida. Mwaka 2002 wataalamu wakakutana Singapore chini ya WHO, na mwaka 2004 ikachapishwa kwamba mistari ya dunia ibaki ila kwa Waasia ziongezwe alama za kuchukua hatua, 23 na 27.5. Nchi nyingine zikaamua zenyewe, China uzito uliozidi unaanzia 24 na unene 28, Japani unene unaanzia 25, India 23 na 25. Kwahiyo Mtanzania mwenzetu mwenye asili ya India hapa mjini akija na BMI 24 mimi simwambii uko vizuri nenda, namwambia tupime sukari.

Sababu ya hiyo tofauti ndo kitu ninachotaka ukishike. BMI haioni mafuta, inaona kilo tu. Kilo zinaweza kuwa misuli, mfupa, maji au mafuta, na mafuta yenyewe yanategemea yamekaa wapi. Ya makalioni na mapajani hayana fujo sana. Yale yanayojificha ndani ya tumbo yakazunguka ini na utumbo ndo yanayovuruga sukari na presha. Kuna utafiti maarufu wa Pune, India, walilinganisha watoto wachanga wa kule na wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton 3.5, lakini walichopungukiwa zaidi wale wadogo ni misuli na ogani za tumboni, mafuta yao yalikuwa yamebaki karibu yote. Mtoto mdogo mwembamba lakini kwa ndani kabeba mafuta. Akikua akahamia mjini akapata kazi ya kukaa na chakula cha mafuta, tumbo ndo linapokea.

Na hapa mi huwa nawaza watu wetu wa kanda ya kati. Huku ni nchi ya mvua za kubahatisha, wazee wa Kigogo bado wanazo habari za Mtunya, ile njaa kuu ya mwaka 1917 mpaka 1920, na njaa ndogondogo zimerudi mara ngapi baada ya hapo. Kitaifa mwaka 2022 watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hao ndo watakuwa makarani, madereva na walimu kesho. Mtu aliyeanza maisha na upungufu afu akaishia kwenye kiti cha ofisi Mtumba na chips kila saa saba, huyo sitaki kumsubirisha mpaka afike 30.

Haya, sasa sisi Waafrika mstari wetu uko wapi? Hapa ndo mwenzako wa ofisini anapotea. Anadhani kuna mwili mmoja wa Mwafrika. Mwaka 1998 kuna wataalamu walikusanya tafiti za makabila mbalimbali duniani wakauliza, watu wenye kiasi sawa cha mafuta mwilini, umri sawa, jinsia sawa, BMI zao zinatofautianaje na za wazungu? Wamarekani weusi wakawa juu kwa 1.3, yaani kwa mafuta yaleyale wao wana kilo zaidi, misuli na mifupa mizito. Waethiopia wakawa chini kwa 4.6. Soma tena hapo mdogo wangu. Wote ni weusi, wote asili ni bara hilihili, mmoja kapanda mwingine kashuka, na kati yao kuna tofauti ya karibu pointi 6, ambayo ni kubwa kuliko umbali wa kutoka 25 mpaka 30. Sasa mtu akikwambia "Mwafrika BMI haimhusu" muulize, Mwafrika yupi? Mgogo wa Chamwino, Mbarabaig wa Hanang au Mmarekani wa Chicago?

Waingereza nao wamejaribu. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa watu karibu milioni 1.5 wa Uingereza, wakatafuta ile hatari ya kisukari anayokuwa nayo mzungu mwenye BMI 30, wengine wanaifikia wakiwa na ngapi. Wenye asili ya Asia Kusini 23.9, Waarabu 26.6, Wachina 26.9, weusi 28.1. Mwaka uliofuata mwongozo wao wa matibabu ukasema watu wenye asili ya Afrika na Karibiani nao wahesabiwe kama Waasia, tahadhari ianzie 23 na unene uanzie 27.5. Umeona kilichotokea? Mwenzako alidhani ukitupa chati ya wazungu unapata nafuu. Waliopima weusi kwa upande wa kisukari wameshusha mstari. Ukitumia huo wewe na 26.4 umeshapita alama ya kwanza muda, na ya pili umebakiza kama kilo 3 tu.

Ila na mimi siuchukui huo mstari wa Uingereza nikaubandika Nkuhungu kama ulivyo. Wale ni watu weusi wanaoishi London na Birmingham, wengi wazazi wao ni wa Karibiani na Afrika Magharibi, wanakula vya kule, wanakaa baridi ya kule, na kilichopimwa ni kisukari peke yake. Kuhamisha mstari kuna gharama pia. Nikishusha kesho kuwa 23 kwa kila mtu wa mkoa huu, zahanati itajaa watu wazima wanaoogopa, na yule mama wa Bahi ambaye ujauzito wake wa tatu haujaongezeka uzito atasubiri nyuma ya foleni. Na nikiupandisha kwa kusema sisi tuna mifupa mizito, nawaacha watu wenye sukari waende nyumbani na cheti cha uzima. Kwangu hilo la pili ni baya zaidi, maana nimeliona.

Niliwahi kumpokea dereva wa lori, urefu 165, kilo 65, BMI 23.9. Kwenye upimaji mmoja wa bure walimwambia uko safi kabisa, wakamgongea muhuri. Alikuja kwangu kwasababu miguu inawaka moto usiku. Nikamzungushia futi kiunoni, sentimita 94. Miguu myembamba, mikono myembamba, tumbo mbele. Sukari ilikuwa 14 na hajala toka jana. Huyo chati haikumwona, na waliompima hawakumgusa tumbo. Nikakumbuka mama mmoja muuza nyanya wa soko la Majengo, BMI 31, hips kubwa, anatembea na ndoo kichwani toka alfajiri, sukari yake nzuri, presha nzuri, na kila akipimwa anatishiwa anaondoka analia. Simwambii huyo mama anenepe anavyotaka, magoti yake yatakuja kudai, ila ukiniuliza kati ya hao wawili nani alihitaji kukamatwa mkono mapema, jibu unalo.

Kwahiyo kitu ninachokuomba ufanye wewe ni kutafuta futi ya fundi cherehani, ile ya buku. Vua kanga, usivute tumbo. Tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu na mwanzo wa mfupa wa nyonga pembeni, katikati yake ndo unapitisha futi, toa pumzi kawaida, soma. Wengi wanapimia pale wanapofungia mkanda au sketi, hapo tumbo linamwagikia juu unapata namba ya uongo. Kisha linganisha na nusu ya urefu wako, kwako ni 79. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu nakuwa na amani kidogo, kikizidi sina amani hata BMI ingekuwa 22. Napenda hiki kipimo kwasababu kinabeba urefu wa mtu mwenyewe, mfupi ana nusu yake mrefu ana nusu yake, na kimefanya kazi vizuri kwa watu wa mabara tofauti bila kuhitaji mstari wa kila kabila. Ukitaka namba ya kiuno peke yake, shirikisho la kisukari duniani mwaka 2006 liliandika 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume, na kwa Afrika kusini mwa Sahara wakasema tumieni za Wazungu kwanza mpaka mpate zenu. Zilipokuja kuchambuliwa tafiti za Afrika yenyewe mwaka 2017 ikatoka karibu 81 kwa wanawake na karibu 81 kwa wanaume pia. Kwa wanawake ni palepale, kwa wanaume imeshuka sentimita 13! Wanaume wenye vitambi wanaojisifia kwamba pesa imekaa hawataipenda hiyo.

Futi ikisema 76 mdogo wangu, sukari ikawa sawa na presha sawa, basi mi sitakufukuza na hiyo 26.4, tutaangalia tu isipande. Ikisema 88 hatutabishana kuhusu wazungu, tutakaa chini tuongee chai ya vitumbua, soda za vikao, na hayo masaa nane ya kukaa. Na upime sukari na presha hata futi ikiwa nzuri, maana umri unaingia 35, na kama mama yako au shangazi ana kisukari ndo usisubiri kabisa. Halafu kama una mimba, au unanyonyesha bado mchanga, niambie, hapo haya mahesabu yote yanasimama, mjamzito hatumpimi kwa mistari hii. Na watoto wako usiwapime kwa chati yako, wao wana yao inayokwenda na umri na jinsia.

Nije kwa shemeji, huyu ndo kanifurahisha. 186 na kilo 61. Kwenye upande huu wa chini wa chati watu hawauongelei mwili kabisa, kila mtu anaongelea unene. Mwili mzito ni kiwiliwili, ndo kuna ini, mapafu, utumbo, uti wa mgongo mnene. Miguu kwa kila sentimita ni myepesi. Sasa mtu wa miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, kama walivyo wengi wa jamii za wafugaji wa huku kwetu, BMI yake inashuka bila kukosa chakula wala afya, kwasababu fomula inamhesabia urefu wote kana kwamba ni mwili mzito wote. Wataalamu walilipima hili kwa kumkalisha mtu, urefu wake akiwa amekaa wakagawa kwa urefu wake amesimama. Wakaona uwiano huo ukibadilika kwa 0.01 tu, BMI inasogea karibu 0.9. Kwa hiyo mtu mwenye uwiano chini kwa 0.02 kuliko wale walioichora chati, 17.6 yake ukiisoma kwa mwili wao inakaribia 19.4, ambayo ni kijani. Unaweza kumpima nyumbani, mkalishe kwenye stuli, mgongo ukutani, weka alama ya kichwa, toa urefu wa stuli.

Lakini, na hapa nisikilize vizuri, usichukue hiyo kama ruhusa ya kumwacha. Mimi wembamba nauliza maswali mawili kabla ya kusema ndo maumbile. La kwanza, alikuwa hivyo toka ujana? Mtafutie picha ya harusi, suruali ya harusi bado inamkaa? Mtu aliyekuwa 61 kwa miaka kumi ni habari moja, aliyetoka 67 akafika 61 kwa miezi sita bila kukusudia ni habari nyingine kabisa, hata kama anakula ugali wa watu wawili. Tena kula sana huku unapungua ndo kunanishtua zaidi, kisukari hufanya hivyo, na tezi la shingo likizidisha kazi hufanya hivyo. La pili, ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kuchoka, kukojoa sana? Likiwepo hata moja aende akapime, na apime kifua kikuu na VVU na sukari kwa pamoja, bila aibu. Najua huku kwetu mtu akikonda watu wanaanza kunong'ona, na akinenepa wanasema Dodoma imemkubali, na hayo maneno yamewachelewesha wengi hospitali kwa pande zote mbili. Kama hakuna hata moja kati ya hayo na suruali ya harusi inamkaa, basi shemeji ni Mbarabaig wa miguu mirefu, na yule aliyemwandikia aongeze kula alikuwa anasoma karatasi bila kumtazama mtu. Kumnenepesha kwa lazima ili afike 18.5 utakuwa unamwekea mafuta tumboni ambayo hana kazi nayo.

Utaniuliza, sasa mbona mnaendelea kuitumia hiyo BMI? Kwasababu ina kazi yake. Mizani na futi ya ukutani ziko mpaka zahanati ya mwisho kabisa huko Mpwapwa, na ukipima wanawake maelfu unaona mwelekeo vizuri sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha wanawake 22 kati ya 100 wa miaka 15 mpaka 49 wako 25 na kuendelea, ule wa 2015 na 2016 wakawa 28. Hapo hata mstari ungekuwa umekosewa kidogo, kupanda ni kupanda, mstari ni uleule. Ni kama kibaba cha sokoni, hata kikiwa na mbonyeo ukikitumia hichohicho miaka yote utajua mahindi yamepungua. Tatizo linaanza ukichukua kibaba cha soko ukampimia mtu mmoja dawa. Hata tume ya wataalamu wa dunia iliyotoa mapendekezo Januari 2025 imesema hivyo, BMI peke yake isitumike kumwita mtu mgonjwa wa unene, kiongezwe kipimo kingine kama kiuno, kisha iangaliwe kama huo unene umeshaanza kuharibu kazi za mwili.

Mstari wetu wenyewe wa kanda ya kati haujachorwa bado. Ungechorwa vizuri kama tungewapima watu wa Kondoa, Kongwa, Manyoni, Hanang, wafugaji na wakulima na wa ofisini, mafuta yao kwa mashine na sukari yao, tukawafuata miaka kumi. Vyuo tunavyo hapahapa, na mimi nitaendelea kulidai hili kila kikao ninachokaa. Kwa sasa hivi mtu mmoja mmoja tunamtazama kwa kiuno, damu na historia yake.

Kwahiyo wiki hii nitumie vitu hivi: kiuno chako kwa sentimita umepima asubuhi kabla ya chai, sukari yako hujala, presha, na nani kwenu ana kisukari. Kwa shemeji nataka urefu wake akiwa amekaa, kiuno, na uzito wake wa zamani wowote ule ulioandikwa mahali, hata kwenye kadi ya bima au fomu ya kazi. Na hiyo suruali ya harusi.